Kiwanja tumepata na watu tupo: tufanyeje bustani ya jamii isife msimu wa pili?

SWALI: Sisi ni majirani 20. Karibu yetu kuna kiwanja kilichokaa bila kazi kwa miaka mingi. Zamani kilikuwa na nyumba, ikabomolewa. Mwenye kiwanja ametuambia kwa mdomo kwamba tunaweza kulima. Tumeshachora ramani ya matuta 40 na kila mtu ana hamu ya kuanza. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kikundi kingine kilianza bustani ya namna hii, msimu wa kwanza ikapendeza sana, msimu wa pili pakawa magugu matupu. Tufanye nini ili yetu ianze vizuri na idumu?

JIBU: Ndugu msomaji, wasiwasi wako ni wa haki, na ni vizuri umeuleta kabla jembe halijaingia ardhini. Wengi huuliza kwanza habari za mbegu na dawa za wadudu. Hayo yana majibu, na mengi ni mepesi. Lakini bustani ya jamii mara chache huuawa na wadudu. Inayoiua ni zile wiki za katikati ya msimu: miche imeshashika, shamrashamra za siku ya kwanza zimepita, jua linawaka, magugu yanaota kwa kasi kuliko mboga, na waliokuwa wakija 15 wamebaki watatu. Hao watatu hubeba mzigo wa wote mpaka wachoke. Mmoja akiugua au akihama, kazi inasimama. Ndiyo maana kila uamuzi mtakaoufanya ningependa muupime kwa swali moja: je, utawapunguzia kazi hao watatu, au utawaongezea?

Tuanze na hayo matuta 40, maana hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote. Chukua tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 3.6. Mboga nyingi zinahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki, iwe ya mvua au ya kumwagilia, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Tuta moja basi linakunywa lita 90 kwa wiki. Matuta 40 yanakunywa lita 3,600, ambazo ni ndoo 180 za lita 20, kila wiki, bila kupumzika, na wakati wa joto kali zinapita hapo. Ukiwa na matuta 12 unazungumzia ndoo 54. Zigawe katika zamu tatu za watu wawili wawili, kila mtu anabeba ndoo tisa kwa zamu. Hiyo ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kabla ya kwenda kazini na bado akarudi wiki ijayo. Ndoo 180 hazibebeki kwa moyo mzuri peke yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni matuta 10 hadi 12 mwaka wa kwanza, yale yaliyo karibu zaidi na maji. Ramani yenu msiichane. Sehemu iliyobaki ifunikeni: tandazeni maboksi ya karatasi ngumu yaliyobanduliwa gundi ya plastiki na pini, yapishanisheni kingo kwa upana wa kiganja ili pasiwe na mwanya, yamwagilieni yalowe, kisha juu yake wekeni majani makavu au mabaki ya mbao unene wa sentimita 10. Magugu ya kawaida yatakufa kwa kukosa mwanga, na nyungunyungu watailainisha ardhi bila ninyi kutoa jasho. Mwaka wa pili mtapanua juu ya ardhi iliyokwisha kutayarishwa. Ila kama kuna ndago, boksi halitatosha. Ndago ana viazi vidogo chini ya udongo na anaweza kutoboa kifuniko. Huyo lazima achimbuliwe na viazi vyake viokotwe kimoja kimoja, na mrudie kila anapochipua.

Na hao watu 20, je, ni 20 kweli? Mtu anayeahidi na mtu anayekuja ni watu wawili tofauti. Kabla ya kugawa matuta, iteni siku mbili au tatu za kazi chafu: kuokota vioo na misumari, kung'oa vichaka, kubeba vifusi. Andikeni waliofika na waliorudi mara ya pili. Hiyo ndiyo idadi ya kupangia bustani yenu. Waliobaki wasikasirikiwe; wengine watakuja matuta yakianza kutoa, na nafasi yao iwepo.

Sasa ardhi. Ruhusa ya mdomo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo, lakini si msingi wa bustani. Huko Los Angeles, Marekani, kulikuwa na bustani iliyojulikana kama South Central Farm, eneo la ekari zipatazo 14, lililolimwa na mamia ya familia. Ardhi ilikuwa ya manispaa, na bustani ilianza baada ya ghasia za mwaka 1992. Mwaka 2003 manispaa ikaiuza ardhi ile kwa mmiliki wake wa zamani, na Juni 2006 wakulima wakaondolewa kwa nguvu, na mimea ikasukumwa na matingatinga. Haikuwa bustani iliyozembewa. Miti ya matunda ilikuwa imekomaa, watu walikuwepo, kazi ilikuwa ikifanyika. Kilichokosekana ni haki ya kubaki pale. New York nayo ilifikia ukingoni mwaka 1999, manispaa ilipotaka kupiga mnada viwanja zaidi ya 100 vya bustani za jamii. Vingi viliokolewa kwa sababu asasi mbili za hisani zilivinunua. Wakulima wa South Central walijitahidi kuchangisha fedha za kununua ardhi yao, lakini mauzo hayakufanikiwa.

Hivyo muombeni mwenye kiwanja karatasi. Isiwe ndefu, kurasa mbili zinatosha, na aliyesoma sheria aipitie kabla ya sahihi. Iseme muda: chini ya miaka mitatu haifai, mitano ni bora, kwa sababu udongo mbovu huchukua misimu kadhaa kutengemaa. Iseme notisi ya kuondoka itakuwa ya muda gani, na kwamba mazao yaliyoko ardhini yataachwa yavunwe. Iseme nani analipia maji, nani anawajibika mtu akiumia ndani ya kiwanja, na vitu gani mtaruhusiwa kujenga na kuondoka navyo. Kisha ulizeni jambo ambalo vikundi vingi hulisahau: kiwanja kikiuzwa au mwenyewe akifariki, je, mkataba unamfunga mnunuzi au mrithi? Jibu linategemea sheria za mahali mlipo, na kwa kawaida kikundi kitahitaji kuwa na jina na kuandikishwa ili kiweze kutia sahihi kama kikundi. Mkiandikisha kwa jina la mtu mmoja, siku akiondoka mkataba utaondoka naye.

Itakuwaje akikataa kuandika? Limeni, lakini limeni kwa namna inayohamishika. Msimwage zege, msipande miti ya matunda, msichimbe kisima. Pandeni mazao ya msimu, wekeni fedha kwenye zana na mapipa ambayo mnaweza kuyapakia kwenye gari siku moja. Na muwe mkitafuta kiwanja kingine huku mkivuna.

Uliposema palikuwa na nyumba iliyobomolewa, nilisimama. Nyumba za zamani mara nyingi zilipakwa rangi zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na rangi ile hubanduka ikaanguka kuzunguka kuta. Pembezoni mwa barabara za zamani nako kuna risasi iliyotoka kwenye petroli ya magari. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli hiyo ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Risasi haiozi na haipungui kwa kupita miaka. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, palepale ambapo mtoto anachezea. Hatari yake kubwa haiko ndani ya mmea. Iko kwenye vumbi na udongo ulioganda mikononi, kwenye majani na kwenye mizizi kama karoti. Nyanya na mazao mengine ya tunda huchukua risasi kidogo mno.

Chukueni sampuli za udongo sehemu 10 hadi 15 za kiwanja, kina cha sentimita 15 hadi 20, zichanganyeni kwenye ndoo safi ya plastiki na mtoe nusu kilo ya kupeleka maabara. Halafu chukueni nyingine ya peke yake mahali kuta zilipokuwa zimesimama. Msiichanganye na ile ya kwanza, maana mkichanganya mtaificha sehemu chafu ndani ya wastani. Vyuo vya kilimo na vituo vya utafiti vina maabara za kupima. Sisitizeni kwamba mnataka kipimo cha risasi pamoja na rutuba na tindikali, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha rutuba hakigusi risasi. Kwa kuwapa mwanga, mamlaka ya mazingira ya Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 za risasi kwa kilo ya udongo. Majibu yakikaribia au kuzidi hapo, msilime chini. Jengeni matuta ya juu yenye fremu, tandikeni kitambaa kinachopitisha maji, jazeni udongo safi usiopungua sentimita 30, na njia zote zifunikeni kwa mabaki ya mbao ili vumbi lisiruke. Mbao za fremu zisiwe za zamani zilizotiwa dawa, kwani nyingi zilitiwa mchanganyiko wenye sumu ya aseniki. Na kama kwenye vifusi mnaona vipande vya mabati ya saruji vya zamani, visiguswe mpaka mtaalamu athibitishe kama vina asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu) au la.

Kuna kipimo kimoja mnachoweza kukifanya wenyewe leo. Chimbeni shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijazeni maji, yaache yanywewe, kisha lijazeni tena na muweke kijiti chenye alama. Maji yakishuka kama sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, ardhi inapitisha maji vizuri. Mkikuta kesho yake bado yamesimama, inueni matuta, hata kama hakuna risasi. Jua liangalieni asubuhi, mchana na jioni kabla ya kupiga kamba: mazao ya tunda yanataka saa sita hadi nane za jua la moja kwa moja, ya majani yanavumilia pungufu. Tuta lisizidi mita 1.2 kwa upana ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mtu kukanyaga udongo. Njia kuu ipite toroli na kiti cha magurudumu, yaani si chini ya mita moja.

Kuhusu mbolea nina onyo moja ambalo ningependa mlibebe kwa uzito. Mtu akiwaletea lori la samadi ya bure, msilimwage kwenye matuta siku hiyohiyo. Kuna viuagugu vinavyopulizwa kwenye malisho, kama vile aminopiralidi, ambavyo mnyama anavila pamoja na nyasi, vinapita tumboni bila kuvunjika, vinatoka kwenye kinyesi vikiwa na nguvu zao, na vinaweza kudumu kwenye samadi na hata kwenye mboji kwa miezi mingi. Nyasi havizidhuru. Maharage, nyanya na viazi huharibiwa navyo vibaya. Bustani nzima inaweza kukosa msimu kwa sababu ya zawadi.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Tafuteni makopo sita yaliyotobolewa chini. Matatu yajazeni udongo wenu mtupu, matatu udongo huohuo uliochanganywa na samadi nusu kwa nusu, samadi yenyewe ikiwa imeoza ili isiichome miche. Kila kopo litieni mbegu tatu za maharage. Yawekeni mahali pamoja, maji sawa, jua sawa, lakini maji ya kopo moja yasichuruzike kwenda jingine. Baada ya wiki mbili hadi tatu tazameni majani ya pili na ya tatu, si yale ya kwanza. Yakiwa bapa na sawa pande zote, pokeeni lori. Ncha zikijikunja kwa juu, jani likawa jembamba na shina likajipinda kwenye makopo ya samadi tu, mshukuruni aliyewaletea na mkatae. Nyasi kavu za matandazo nazo zina hatari hiyohiyo. Zilowekeni na mzipime namna hiyo.

Samadi mbichi ni suala jingine, la vijidudu. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai siku 120 zipite kati ya kuiweka na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Ni kipimo kizuri kwa yeyote. Njia bora ni kuiozesha: lundo la angalau mita moja kila upande, majani makavu mara mbili au tatu ya mabichi kwa ujazo, unyevu wa kiasi kwamba ukikamua konzi linatoka tone moja au mawili. Likiwa sawa litapanda joto na kupita nyuzi 55 za Selsiasi katikati. Ligeuzeni likipoa, lipande tena. Likinuka, lina maji mengi au mabichi mengi, ongezeni makavu. Kazi ya mboji mpeni mtu mmoja anayeipenda. Lundo la wote huwa jalala.

Maji nimeshayagusa, lakini niongeze haya. Kabla ya kumwagilia, ingizeni kidole kina cha sentimita tano; pakiwa na unyevu, rudini nyumbani. Matandazo ya unene wa sentimita tano hadi nane yatawapunguzia ndoo nyingi na palizi nyingi zaidi kuliko kifaa chochote cha kununua. Na kama kuna paa jirani mnaloruhusiwa kulitumia, kumbukeni kwamba milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20 linamwaga lita 1,000, na hata mkipoteza sehemu ya tano mtabaki na 800. Maji ya mwanzo yanayosafisha vumbi la paa yaacheni yapite, na tangi lifunikwe kwa wavu kuzuia mbu.

Nirudi kwa watu, kwa sababu hapo ndipo kikundi kile cha kwanza huenda kilipokwama. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaomiliki kitu kwa pamoja: mifereji ya maji, misitu, malisho, maeneo ya uvuvi. Alionyesha kwamba si kweli kuwa mali ya wote lazima iharibike. Kuna jamii zilizotunza mali ya pamoja kwa karne nyingi. Alichokuta kikijirudia kwao ni kwamba inajulikana nani yumo na nani hayumo. Sheria zimetungwa na watumiaji wenyewe na zinalingana na mahali. Wanaokagua wanawajibika kwa watumiaji. Adhabu inaanza ndogo na kupanda polepole. Na pana mahali pa karibu na pa haraka pa kumaliza ugomvi.

Kwa bustani yenu hiyo inakuwa ukurasa mmoja, ulioandikwa na ninyi mkiwa mmekaa pamoja, si ulionakiliwa kutoka kwa wengine. Orodha ya wanachama. Saa za kufungua. Kila mtu anadaiwa saa ngapi za kazi ya pamoja kwa mwezi, na asiyeweza kwa sababu ya umri au ugonjwa afanye nini badala yake, kwa mfano kutunza daftari au kuotesha miche nyumbani. Kisha tuta lililotelekezwa. Wiki mbili bila mtu kuonekana, anapigiwa simu, na simu hiyo ni ya kumjulia hali. Mara nyingi mtakuta ana mgonjwa au kazi imebana, na mtu akimsaidia palizi mara moja atarudi. Wiki nne, anakumbushwa kwa maandishi na wenzake wanafyeka magugu yasitoe mbegu. Wiki sita, tuta anapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri, na yeye anabaki mwanachama. Mkiliandika hili mapema, litakapomfika mtu halitakuwa la kumwonea. Mkilitunga siku mmekasirika, mtapoteza mtu, pengine na rafiki zake.

Mtaulizana kama mlime kwa pamoja au kila mtu na tuta lake. Maoni yangu, na ninayashikilia, ni kwamba kundi la majirani ambao bado hawajazoeana wafanye vyote viwili, lakini matuta ya mtu mmoja mmoja yawe mengi. Kwa matuta 12, tisa yawe ya familia au ya watu wawili wawili, matatu ya wote. Tuta lenye jina la mtu linaonekana likikauka, na mwenyewe anaona. Tuta la wote kila mtu anadhani mwenzake amelimwagilia. Ila kama lengo lenu ni kufundisha watoto au kulisha wasio na uwezo, basi kilimo cha pamoja ndicho sahihi, na hapo lazima awepo mtu anayesimamia kila wiki kwa zamu inayojulikana. Tuta la wote livunwe siku moja maalumu, mbele ya watu, na kugawanywa hapohapo. Mavuno ya kuviziana ndiyo yanayovunja vikundi, kuliko hata fedha.

Fedha nazo ziwe wazi: sahihi mbili, na taarifa ya mwezi ibandikwe kwenye ubao pale bustanini. Ada iwe ndogo, na anayeshindwa alipe kwa kazi. Msikimbilie kwanza ufadhili mkubwa. Ufadhili hununua zana na tangi. Hauwezi kumwagilia katikati ya msimu, na mara nyingi unawavuta mjenge bustani kubwa kuliko mikono mliyonayo. Zana ziwe chache na imara, mipini ipakwe rangi moja ili ijulikane ni ya bustani. Ufunguo, daftari, mawasiliano na mwenye kiwanja, hesabu: kila kimoja kiwe na watu wawili wanaokijua, sio mmoja. Mwenyekiti wa mwaka huu awe na makamu atakayeshika mwaka ujao, na ajue tangu mwanzo kwamba atapumzika.

Mazao ya mwaka wa kwanza yachagueni kwa kasi yake. Figili hukomaa kwa wiki nne, saladi za majani kwa saba hivi, maharage mabichi kwa siku 50 hadi 60. Mtu aliyekwisha kubeba kitu mkononi kwenda nyumbani mwezi wa pili tangu kupanda atastahimili kungoja nyanya. Msipande vyote siku moja. Rudieni kidogo kidogo kila wiki mbili, la sivyo mtapata mlima wa mboga wiki moja na kukaa bure zinazofuata. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja na magonjwa yao hubaki kwenye udongo, hivyo tuta moja lisiupande ukoo huo tena mpaka miaka mitatu ipite. Kwenye matuta ya watu binafsi hili ni gumu, kwa hiyo kubalianeni kubadilishana. Dawa ya kupuliza isiingie bustanini bila wote kukubaliana, maana upepo hautambui mpaka wa tuta.

Kikao muhimu kuliko vyote katika mwaka kifanyeni wiki mbili au tatu kabla mavuno ya kwanza hayajaisha, watu wakiwa bado wanakuja. Mkisubiri mpaka matuta yawe matupu hamtawapata. Msimu wa pili hufia hapo: mavuno yameisha, hakuna aliyeng'oa mabua, udongo umeachwa wazi, magugu yametoa mbegu, na anayekuja kuanza upya anakuta kazi ngumu kuliko ya mwanzo. Katika kikao hicho kila mtu aseme anabaki, anaondoka, au anataka tuta dogo zaidi, na asiulizwe sababu. Viongozi wabadilishane palepale. Siku ya kung'oa mabua na kufunika kila tuta, kwa matandazo au kwa mikunde ya kurutubisha udongo, ipangwe kabla hamjaachana. Wakibaki wanane, limeni matuta manane, mengine yafunikeni. Hakuna aibu ndani yake. Ardhi iliyofunikwa inapumzika na inangoja. Wakija wapya, wapeni nusu tuta kwanza, kando ya mtu aliyemaliza msimu mzima, ili wajifunze kwake kabla ya kupewa ufunguo.